Baba anasema nisubiri Mlimani: je, niache umeme wa DIT?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni binti wa miaka 20, natokea Kahama. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM, nikapata daraja la pili la pointi 10: Fizikia C, Kemia C, Hisabati D. Awamu ya kwanza nimechaguliwa sehemu tatu: uhandisi umeme DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), uhandisi ujenzi MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), na uhandisi mitambo kwenye chuo kimoja cha binafsi. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sikupata. Baba anasema nisithibitishe popote, nisubiri awamu ya pili niombe Mlimani kozi yoyote ya uhandisi itakayobaki, hata ya nguo, kwa kuwa cheti cha Mlimani kinajisemea chenyewe. Kaka yangu ni fundi umeme mgodini, na likizo zote huwa namsaidia kufunga mota za mashine za kukoboa mpunga hapa mtaani. Yeye anasema niende DIT. Chuo cha binafsi wananipigia simu kila siku. Nithibitishe wapi? Na je, ninunue laptopu kabla chuo hakijafunguliwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Siku za kuthibitisha zinahesabika, kwa hiyo nianze na jibu lenyewe kisha ndiyo tuongee. Thibitisha umeme DIT. Nafasi isiyothibitishwa ndani ya muda inapotea, na awamu ya pili hufunguliwa kwa kozi zilizobakiwa na nafasi tu. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba Mlimani patabaki kitu, sembuse kitu unachokitaka wewe.

Ila mzee usimjibu kwa mkato, maana anachosema kina mizizi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Wajerumani. Kabla ya hapo, kijana wa Kitanzania aliyetaka kusomea digrii ya uhandisi bila kutoka Afrika Mashariki alikwenda Nairobi. Na kwa miaka mingi baada ya 1973, ukikutana na mhandisi wa ujenzi, mitambo au umeme mwenye digrii ya humu nchini, hukuwa na haja ya kumuuliza kasoma wapi. DIT yenyewe ilianza mwaka 1957 na kwa miaka mingi ilikuwa chuo cha ufundi, ikitoa mafundi sanifu, wale wenye cheti cha ufundi cha FTC, waliobeba viwanda na mitambo ya nchi hii mabegani, mpaka ilipogeuzwa kuwa taasisi ya teknolojia mwaka 1997. MUST nayo ilikuwa Chuo cha Ufundi Mbeya, kikapanda hatua kwa hatua. Kwa hiyo mzee akisikia DIT anamwona fundi sanifu mwenye spana mfukoni, na akisikia Mlimani anamwona injinia anashuka kwenye Land Rover. Ni picha ya kweli kabisa, imepigwa zamani tu.

Na Mlimani hawajashuka. Ungekuwa umechaguliwa umeme pale tangu awamu ya kwanza, ningekwambia nenda, na jibu langu lingeishia hapo. Wana walimu waliobobea, uzamili na uzamivu viko hapo hapo, na wahitimu wao wametapakaa kila ofisi, jambo linalosaidia sana unapotafuta mahali pa kujifunzia kazi. Lakini wewe hukuulizwa umeme Mlimani au umeme DIT. Unaambiwa uache kozi unayoijua ili upate geti analolijua baba. Uhandisi wa nguo ni fani nzuri kwa anayeitaka, na nchi inayolima pamba kama yetu, tena huko kwenu Kanda ya Ziwa, inawahitaji watu hao. Ila miaka minne ya kusoma usichokitaka ni mirefu, na uhandisi hausomwi kwa kuvumilia.

Kilichoniamulia si jina la chuo, ni ile sentensi yako ya mota za mashine za kukoboa. Umeiandika kama unapita tu, mimi nimeisoma mara tatu. Nikueleze kwa nini.

Nimekuwa nikisaili wahitimu wapya wa umeme kwa miaka mingi. Siku hizi sianzi na vyeti. Naweka mezani kibao kilichong'olewa kwenye mota ya zamani, kile cha bati chenye maandishi ya kugongwa. Kinasomeka kilowati 15, volti 400, hezi 50, mizunguko 1,460 kwa dakika, kipengele cha nguvu (power factor) 0.85. Naomba mambo mawili tu: mota hii ina poli (ncha za sumaku) ngapi, na ikibeba mzigo wake wote itavuta ampea ngapi. Aliyewahi kuishika mota anaangalia ile 1,460 na kusema poli nne kabla sijakaa vizuri, kwa sababu anajua kwa hezi 50 poli nne ni mizunguko 1,500, na mota ya aina hii hubaki nyuma kidogo. Kwenye ampea anaanza na "kama 30 hivi", halafu ndipo anachukua kikokotoo na kupata 28 na ushei. Aliyesoma kwa desa anaandika fomula yote vizuri, anasahau kwamba mota haibadilishi umeme wote kuwa kazi, anapata 25, na haoni tatizo lolote. Wote wawili wanaweza kuwa na GPA ya 4.0. Wote wawili wanaweza kuwa wametoka chuo kimoja, darasa moja.

Nimewaona wa Mlimani wakijibu kabla sijamaliza swali, na nimewaona wa Mlimani wakitazama kile kibao kama hirizi. Vyuo vingine vyote vivyo hivyo. Tofauti ninayoiona kila mara ni nani aligusa kitu chuoni na nani alitazama wenzake wakigusa. Hapo ndipo chuo kinapoingia, na ndipo pa kuuliza maswali makali kabla ya kulipa chochote.

Mwaka fulani niliombwa kwenda kukagua miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye chuo ambacho sitakitaja. Karakana ilikuwa kubwa, sakafu inang'aa, na mashine za kukereza chuma zimepangwa mstari mmoja. Zote zilikuwa bado zimefunikwa nailoni zilizokuja nazo. Nikauliza, nikaambiwa zimefunikwa zisiharibike, kwa sababu aliyefundishwa kuziendesha alihama. Wanafunzi walikuwa wakifanya zoezi la kukereza kwa kuchora. Kwenye kijitabu cha matangazo cha chuo hicho, mashine zile zile zilipigwa picha ya ukurasa mzima.

Kwa hiyo usiniulize chuo gani kina maabara nzuri. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza bado anashangaa jiji, wa mwaka wa nne anawaza mradi na ajira. Wa mwaka wa pili ndiyo yuko katikati ya maabara. Kahama hamkosi aliyeko DIT au Mbeya. Pita kwa walimu wako wa Fizikia, watakutajia waliowatangulia. Ukimpata, usimuulize "chuo kizuri?" maana atasema ndiyo tu, ni chuo chake. Muulize mara ya mwisho alifunga saketi kwa mikono yake lini. Muulize kwenye kundi la maabara mko wangapi kwa meza moja, na oskiloskopu inayofanya kazi ni ngapi. Kwa kozi ya umeme muulize kama ameshafunga stata ya sta-delta, ile ya kuwashia mota kubwa kwa hatua, mwenyewe au ameiona ubaoni. Akikwambia mko wanne kwenye meza na alichoma fyuzi wiki jana, hapo pana chuo. Akikwambia mko 20 na ripoti ya jaribio inanakiliwa kutoka kwa kaka zao wa mwaka jana, umeshapata jibu.

Swali jingine, na hili watu hawaliulizi kabisa: fundi sanifu wa maabara ni nani, na yupo tangu lini? Profesa anakufundisha nadharia na kuondoka. Anayejua kwamba mota ya tatu kutoka mlangoni ina koili iliyolegea, anayekuachia umalize jaribio saa 12 jioni huku amekaa na funguo mkononi, ni fundi sanifu. Aliyenifundisha mimi kufunga paneli hakuwa na digrii hata moja. Vyuo vilivyotokana na vyuo vya ufundi, DIT na MUST wakiwemo, vina urithi huo wa karakana, na ndiyo sababu mojawapo inayonifanya nisimhofie binti anayekwenda huko kusomea umeme. Tena utakuta darasani wenzako waliopitia stashahada ya ufundi kabla ya digrii. Kwenye hisabati watakuuliza wewe, kwenye karakana utawauliza wao. Kaa nao karibu.

Sasa hiyo D ya Hisabati. Naona kwenye swali lako umeweka pointi 10 kana kwamba ndizo zitakazotumika chuoni. Hizo ni za daraja la Baraza la Mitihani, ambazo zikiwa chache ndiyo nzuri. Vyuo vinahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kwa uhandisi wanaangalia Hisabati na Fizikia kwanza. Wewe una 2 na 3, jumla 5, na kiwango cha chini ni 4. Umeingia kihalali, usijisikie umepitia dirishani. Lakini sitakudanganya, mwaka wa kwanza wa uhandisi ni Hisabati iliyovaa nguo tofauti. Kila chuo nilichokijua, sapu (mitihani ya kurudia) nyingi za mwaka wa kwanza ziko hapo, na waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, wengi walianzia hapo. GPA ikishuka chini ya 2.0 mambo yanakuwa mabaya. Umebakiwa na wiki kadhaa mpaka chuo kifunguliwe. Rudia viasili (differentiation), viunganifu (integration), vekta, na namba changamano (complex numbers). Hizi za mwisho zisikupite kabisa, kwa sababu umeme wa mkondo geu (AC) wote unaandikwa kwa lugha hiyo. Piga msuli saa mbili kila asubuhi kabla simu haijaanza kuita. Huu ndio ushauri wenye faida kuliko yote niliyokupa, na najua ndio utakaoruka.

Kuhusu chuo cha binafsi kinachokupigia simu kila siku. Sina neno na vyuo vya binafsi, vipo vinavyofundisha vizuri. Ila chuo kinachomfuata mwanafunzi kwa simu kila siku kina nafasi wazi nyingi, na wewe una haki ya kujua kwa nini. Angalia mambo mawili. Kwanza, kozi yenyewe, na siyo chuo tu, iwe kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huu. Mwaka 2017 Tume ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kulikuwa na vyuo vingine vilivyoruhusiwa kuendelea lakini baadhi ya kozi zikafungwa. Pili, na hili ni la wahandisi peke yetu, uliza kama wahitimu wa kozi hiyo wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Kwa sheria ya mwaka 1997, huwezi kufanya kazi ya uhandisi wala kujiita mhandisi bila kusajiliwa. Ukimaliza chuo unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya mafunzo ya kazi ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyebobea, tunayaita SEAP, halafu ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Mlango wa kwanza ukifungwa, digrii inabaki karatasi. Majirani zetu Kenya waliliona hili kwa uchungu: zaidi ya wahitimu 100 wa uhandisi walikataliwa usajili kwa hoja kwamba kozi yao haikuwa imeidhinishwa na bodi, wakaenda mahakamani, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo iliiamua mwaka 2018. Miaka yote hiyo walikuwa wamemaliza shule.

Wakikupigia tena kesho, waombe wakutumie kwa maandishi uthibitisho wa ERB kwa kozi ya mitambo. Wakiwa nao watautuma siku hiyo hiyo. Usipouona, acha kupokea.

MUST ningeipa neno zuri kama ungekuwa na hamu ya ujenzi. Karakana za ufundi wanazo tangu walipoanza, na Mbeya ni mji unaokaliwa kwa pesa kidogo, ingawa mwezi wa sita na wa saba utahitaji sweta mbili. Lakini hujanitajia barabara, daraja wala zege hata mara moja. Umenitajia mota.

Fedha sasa. Omba mkopo Bodi ya Mikopo bila kuchelewa, maana ni jambo la pembeni ya udahili na lina tarehe zake. Pesa ya chakula na malazi, bumu kama mtakavyoiita, inapangwa kwa siku, na kwa viwango vya miaka ya karibuni ni shilingi 10,000. Bumu ya Dar na ya Mbeya ni ile ile, chumba ndiyo si kile kile. DIT iko katikati ya jiji, pale Bibi Titi inapokutana na Morogoro Road, na kituo cha mwendokasi kiko mlangoni. Faida yake ni kwamba unaweza kupanga mbali kidogo, Kimara au Mbezi, ukaja kwa basi. Hasara ni kwamba nauli na njaa ya foleni vinakula bumu. Omba hosteli mapema, na kama hukupata, pangeni watatu. Na ujue kwamba mkopo ni mkopo. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Jambo moja litakalokufaa kuliko jina la chuo chochote ni PT, yale mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu. Chuoni watu wengi wanayachukulia kama usumbufu: barua inapelekwa ofisi ya mjomba, mtu anasaini fomu, kitabu cha kumbukumbu za kila siku kinajazwa usiku mmoja. Wewe una kaka mgodini. PT ya kwanza ifanye Kahama, hata kama ni kubeba nyaya na kusoma mita. Ya pili tafuta mahali pakubwa: kituo cha kupoza umeme, reli ya SGR ambayo treni zake zinatembea kwa umeme, au Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Barua ipeleke miezi sita kabla, maana wenzako wote wataikumbuka mwezi wa mwisho. Mhandisi wa zamu akikuona unashika multimita bila kutetemeka, jina lako anabaki nalo. Robo ya vijana niliowahi kuwaajiri walipitia kwangu PT kwanza.

Kaka yako atataka kujua kwa nini sikushauri uhandisi wa madini, kwa kuwa uko jirani na migodi. Mgodi wa Buzwagi uko hapo hapo kwenu, ulianza kuzalisha 2009 na ukasimama 2021. Waliokuwa na umeme na mitambo walihamia viwandani, TANESCO na migodi mingine bila kubadili fani. Wa madini ilibidi wafuate dhahabu ilipo. Si kosa kuifuata, ila kwa anayeanza napenda fani inayokuachia milango mingi.

Kwa mzee, mwambie mambo mawili tu. La kwanza, uzamili wa Mlimani upo, na ukimaliza na GPA nzuri unaweza kuuomba, kwa hiyo cheti anachokitaka hakijapotea, kimesogea mbele. La pili, mhandisi aliyefikia usajili wa mhandisi mtaalamu hapa anatambulika Kenya na Uganda kwa makubaliano yaliyosainiwa mwaka 2012, na makubaliano hayo yanaangalia usajili wako, hayaulizi ulipita geti gani. Akiendelea kukataa, mpe simu kaka aongee naye. Wazee wetu humsikia mtoto mwenye mshahara.

Laptopu usinunue sasa. Programu za kuchorea na kuigiza saketi zina mahitaji yake, na utajua uzito wa mashine unayohitaji baada ya kufika na kuona wenzako wanatumia nini. Ya bei rahisi ya dukani Kahama itakufia mikononi mwaka wa pili. Kwa sasa nunua kikokotoo cha sayansi kinachokubali namba changamano, madaftari yenye mistari ya grafu, na viatu vya kufunika vidole vya karakana. Multimita mwombe kaka akupe ile yake ya zamani. Ikiwa nyaya zake zimechakaa, badilisha nyaya tu, usimwachie atupe.